Je, kilele cha homa ya mafua husafiri kutoka wilaya hadi wilaya, au kinachosafiri ni fomu zetu?

#1 MchoraChati
Salaam wanajukwaa. Kwa misimu kadhaa nimekuwa nikikusanya taarifa za kila wiki za homa ya mafua na nimonia kutoka vituo teule vya ufuatiliaji katika kanda moja yenye wilaya nyingi, kisha nachora mstari wa kila wilaya kwenye chati moja. Kila msimu naona jambo lile lile: wilaya za upande mmoja hufikia kilele kwanza, na za upande wa pili hufuata baada ya takriban wiki nne. Nilikuwa nimeshaanza kuandika kwamba ugonjwa husafiri kwa mwelekeo huo, mpaka rafiki yangu mmoja alipoitazama chati akaniambia kwamba sikuchora ramani ya ugonjwa bali ramani ya maabara, kwa sababu wilaya za mwanzo ndizo zilizo karibu na vipimo. Mimi nadai amekosea, kwa kuwa jambo linalojirudia kila msimu haliwezi kuwa ajali. Mwenye ujuzi anisahihishe.

#2 Mpingaji
Kinachojirudia si lazima kiwe ugonjwa. Gari la kubeba sampuli likipita njia ile ile kila wiki, ucheleweshaji wake nao utajirudia kila msimu kwa uaminifu mkubwa. Naomba mleta mada ajibu swali moja kabla hatujafika mbali: tarehe iliyoko chini ya chati ni ya siku mgonjwa alipoanza kuumwa, siku alipofika kituoni, siku sampuli ilipopokelewa maabara, au siku majibu yalipotoka? Ni tarehe nne tofauti, na kati ya ya kwanza na ya mwisho msimu mzima unaweza kusogea.

#3 MuuguziWaZamu
Nimechukua sampuli za pua na koo kwa miaka mingi, kwa hiyo nizungumze kutoka upande wa kijiti cha kuchukulia sampuli. Maelekezo tuliyopewa ni kuchagua wagonjwa wachache wa kwanza kila siku wanaokidhi ufafanuzi, yaani homa ya kuanzia nyuzi 38 pamoja na kikohozi au maumivu ya koo. Maelekezo ni mazuri, lakini katika kituo nilichokuwapo gari lilikuja Jumatano, na kila mmoja wetu alijua kwamba sampuli ya Alhamisi ingelala kwenye jokofu mpaka wiki inayofuata. Bila mtu yeyote kuamua wala kuandika, sampuli zetu zote zikawa za Jumatatu na Jumanne. Aliyeugua Ijumaa hakuwa na mafua mbele ya takwimu. Ninaamini kituo kilicho hatua chache kutoka maabara hakikuwa na tabia hiyo.

#4 Maabara_Kimya
Nashukuru kwa ukweli huo, ila nisahihishe jambo moja. Ufafanuzi wa sasa wa Shirika la Afya Duniani kwa ugonjwa unaofanana na homa ya mafua ni homa iliyopimwa ya nyuzi 38 au zaidi pamoja na kikohozi, vikiwa vimeanza ndani ya siku 10 zilizopita. Maumivu ya koo yalikuwamo katika ufafanuzi wa zamani, yakaondolewa. Marekani bado wanayahesabu, tena wao huanzia nyuzi 37.8. Huu si ubishi wa makaratasi. Ukiruhusu maumivu ya koo unakusanya watu wengi zaidi, na wengi kati ya hao hawana virusi vya homa ya mafua, hivyo asilimia ya sampuli zenye virusi inashuka ingawa ugonjwa haujapungua. Wilaya mbili zikitumia fomu za matoleo mawili, tayari unazo tabia mbili za ugonjwa mmoja.

Kuhusu jokofu: sampuli iliyo ndani ya kimiminika chake huvumilia takriban siku tatu kwenye nyuzi 4, na baada ya hapo inatakiwa kugandishwa kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri. Sampuli ya Alhamisi iliyopimwa Jumatano inayofuata inaweza kutoa jibu la kutokuwa na virusi, na jibu hilo lisiwe na maana yoyote.

#5 MchoraChati
Namjibu Mpingaji: ni tarehe ya majibu. Naona haya kidogo kulikiri, lakini ndiyo safu pekee iliyokuwa imejazwa na wote. Safu ya siku ya kuanza kuumwa ipo kwenye fomu, nayo ina matundu mengi. Nitairudia kazi. Hata hivyo sidhani kwamba gari moja linaweza kueleza wiki nne.

#6 MtuWaHewa
Wala haliwezi, na nashangaa hakuna aliyetaja hewa mpaka sasa. Mwaka 2007 watafiti waliwaweka wanyama wa maabara kwenye vyumba vyenye joto na unyevu tofauti, wakaona kwamba virusi vya homa ya mafua huambukizana kwa urahisi zaidi penye baridi na hewa kavu, ilhali kwenye nyuzi 30 maambukizi kwa njia ya hewa yalikoma. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba kiasi halisi cha mvuke hewani hueleza mambo vizuri kuliko ule unyevu wa asilimia unaotangazwa kwenye utabiri wa hali ya hewa. Kama upande mmoja wa kanda yako huanza kukauka mapema, kilele kitaanzia huko bila kusafiri popote. Hakuna wimbi hapo. Ni taa mbili zinazowashwa kwa saa tofauti.

#7 Mpingaji
Maelezo hayo yanapendeza mpaka mtu avuke kuelekea ikweta. Katika nchi nyingi za tropiki homa ya mafua hupanda wakati wa mvua, hewa ikiwa imejaa mvuke, na kwingine huwa na vilele viwili kwa mwaka au haikatiki kabisa. China peke yake inatosha kuwa mfano: kaskazini kilele ni wakati wa baridi, kusini kuna kingine cha majira ya joto. Ama hewa kavu ndiyo chanzo au siyo.

#8 MtuWaHewa
Ndugu Mpingaji anapenda milango miwili tu katika kila nyumba. Watafiti wale wale waliendelea mwaka 2008, wakaona kwamba kwenye nyuzi 30 njia ya hewa ilifungwa lakini njia ya kugusana haikufungwa. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba penye baridi virusi hutegemea zaidi pumzi, na penye joto hutegemea zaidi mikono na watu kubanana ndani mvua inaponyesha. Ugonjwa ni mmoja, njia ni mbili, majira ni tofauti. Sisemi hili limethibitishwa kila mahali. Nasema tu kwamba mvua haijayabatilisha maelezo yangu.

#9 Mzazi_wa_Watatu
Samahani kwa kuingia bila shahada. Nyumbani kwangu msimu hauanzi na hewa wala gari la sampuli. Unaanza wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa. Mdogo huanza, wa kati hufuata, mkubwa hudai yeye ana mwili wa chuma, kisha sote wanne tunalala na yeye. Je, kuna aliyewahi kulinganisha vilele na kalenda za shule?

#10 Bi_Hisabati
Swali lako lina shahada ya kutosha. Mwaka 2009, virusi vipya vya H1N1 viliporudi Marekani kwa wimbi la pili, mlipuko haukuanzia kwenye miji mikubwa yenye viwanja vya ndege. Ulianzia majimbo ya kusini mashariki, ambako shule hufunguliwa mapema, mwezi Agosti, ukachukua takriban miezi mitatu kufika kaskazini mashariki. Waliochambua takwimu zile walikuta kwamba ufunguzi wa shule na ujirani wa maeneo ulieleza mwendo huo vizuri kuliko safari za ndege. Upande mwingine, uchambuzi wa misimu ya kawaida ya nchi hiyo hiyo ulionyesha kwamba safari za kila siku za watu wazima kwenda kazini hueleza kuenea kutoka jimbo hadi jimbo. Chagua unayempenda, mtoto au mfanyakazi.

Kwa MchoraChati nina swali la kihesabu. Mstari wako ni idadi ya sampuli zenye virusi, au ni asilimia ya zilizopimwa? Idadi hupanda kila unapoongeza vijiti. Asilimia nayo ina ujanja wake, kwa sababu wakati wa sikukuu watu wenye maradhi madogo hubaki nyumbani, waliozidiwa peke yao wanafika kituoni, na asilimia inaruka bila virusi kufanya lolote.

#11 MchoraChati
Ni asilimia. Nilijua kosa moja nimeliepuka, sasa naambiwa nimeliepuka nikaingia la pili.

#12 Kizamani
Nawasalimu. Hili la kuchanganya mahali pa ugonjwa na mahali pa taarifa ni la zamani kuliko sote. Homa ya 1918 iliitwa ya Kihispania si kwa sababu ilizaliwa Hispania, bali kwa sababu Hispania haikuwa vitani na magazeti yake yaliandika waziwazi, wakati nchi zilizopigana zilikuwa zikizuia habari. Aliyesema ukweli ndiye aliyebambikwa jina. Hata leo majina ya virusi hufuata desturi hiyo kwa adabu zaidi: A/Sydney/5/97 maana yake ni aina A, sampuli ya tano ya mwaka 1997 kutoka Sydney. Inasema kijiti kiliingia pua ya wapi. Haisemi virusi vilianzia wapi. Rafiki yake mleta mada asibezwe.

#13 Maabara_Kimya
Nakubaliana na Kizamani, lakini niweke jambo ambalo wachora chati hulisahau. Kipimo cha PCR, kile kinachotambua virusi kwa jeni zao, hakitafuti virusi peke yake. Hutafuta pia jeni ya binadamu, kwa kawaida ile ya RNase P, ili tujue kama kijiti kiligusa chembe za mtu kweli. Jeni hiyo isipoonekana, sampuli ni tupu na inatakiwa kukataliwa, isihesabiwe kuwa haina virusi. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo sampuli tupu ziliingizwa kwenye safu ya wasio na virusi kwa sababu fomu haikuwa na safu ya tatu. Kituo chenye watumishi wapya wanaoogopa kuingiza kijiti ndani ya pua kitaonekana hakina ugonjwa mpaka watakapozoea, na kuzoea huchukua wiki chache. Je, wilaya zako za nyuma hubadilishiwa watumishi kila mwanzo wa msimu?

#14 MuuguziWaZamu
Hapo umenigusa. Ndiyo, wapya huogopa, na mimi niliogopa. Mgonjwa akishika mkono wako na kutoa machozi, unajiambia kwamba hapo ulipofika panatosha.

#15 Jirani_wa_Kaskazini
Nyote mnadhani virusi viko peke yake ukumbini. Mwaka 2009 huko Sweden na Ufaransa, baadhi ya watafiti waliona kwamba H1N1 ilikawia kushika kasi wakati virusi vya mafua ya kawaida, vile vya rhino, vilipokuwa vimeenea baada ya shule kufunguliwa. Dhana yao ni kwamba mwili ulioamshwa na kirusi kimoja hukifungia mlango kingine kwa siku kadhaa. Kama upande wa pili wa kanda hii hushikwa kwanza na mafua ya kawaida au RSV, kirusi kingine cha njia ya hewa, homa ya mafua italazimika kusubiri zamu yake. MchoraChati, unapima virusi vingapi?

#16 MchoraChati
Homa ya mafua A na B peke yake. Maabara chache hupima RSV, na siwezi kuchora mstari kwa nukta sita.

#17 Mpingaji
Kwa hiyo mpaka sasa tunalo gari, hewa, shule, wasafiri, pua za kuogopwa, na kirusi kinachopanga foleni. Bado mganga wa kienyeji hajafika.

#18 Bi_Hisabati
Mpingaji ameorodhesha kwa kejeli, lakini orodha ni sahihi na hakuna kitu ndani yake kinachokifukuza kingine. Nakumbusha mfano wa Brazil, ambao husumbua karibu kila nadharia. Takwimu za vifo vya nimonia na homa ya mafua za miaka zaidi ya 20 zilionyesha kilele kikianzia majimbo ya kaskazini, karibu na ikweta, kuanzia Machi na Aprili, na kufika kusini penye baridi Juni na Julai. Kaskazini kuna watu wachache na safari chache kuliko kusini mashariki. Kama wasafiri ndio wabebaji wakuu, wimbi lingetoka São Paulo kwenda nje. Halikufanya hivyo. Tena hayo yalikuwa vifo vilivyosajiliwa, wala hayakupitia kwenye jokofu la Jumatano.

#19 MtuWaHewa
Na ndiyo maana nilisema taa, si wimbi. Ahsante.

#20 Mzazi_wa_Watatu
Naomba niulize, kwa nini tunahangaika na vijiti? Watu wote wakiumwa hutafuta dalili zao kwenye simu. Si tungehesabu utafutaji huo?

#21 Kizamani
Ilijaribiwa. Google walianzisha huduma ya namna hiyo mwaka 2008, nayo ilisifiwa sana. Mwaka 2009 haikuliona vizuri wimbi la kwanza la H1N1, kwa sababu lilikuja nje ya majira iliyozoea, na katika msimu wa 2012 hadi 2013 ilikadiria wagonjwa takriban maradufu ya waliohesabiwa kwa madaktari. Mwaka 2015 wakaacha kuitoa kwa umma. Hofu nayo hutafuta dalili kwenye simu, na hofu huenea kwa kasi kuliko kikohozi.

#22 TabibuWaNgombe
Na kabla mtu hajasema maji taka, nami niwahi. Maji taka yana faida kubwa kwa kuwa hayahitaji mgonjwa kupanga foleni wala muuguzi jasiri. Kila mtu huchangia bila kujazwa fomu. Lakini hayasemi mchangiaji ni nani. Mwaka 2024, homa ya ndege ya H5N1 ilipogunduliwa kwa ng'ombe wa maziwa Marekani, mabaki yake yalionekana kwenye maji taka ya baadhi ya miji, na mojawapo ya vyanzo vilivyotajwa ni maziwa yaliyomwagwa kutoka viwandani. Mchora chati asiyefuga ng'ombe angetangaza mlipuko wa watu.

#23 Mpingaji
Sasa nimekuwa mzito wa kucheka. Swali langu ni la kweli: kama tunapata tunachokitafuta pekee, tunajuaje kwamba kitu hakipo? Ukoo wa B/Yamagata, mmoja wa koo mbili za virusi vya homa ya mafua aina B, unasemekana haujathibitishwa kwa mtu yeyote tangu Machi 2020. Umetoweka, au hatuutafuti?

#24 Maabara_Kimya
Mfano huo kwa mara moja unanipa nguvu upande wangu. Mtandao wa ufuatiliaji ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1952 una maabara katika nchi zaidi ya 120, na baada ya janga la UVIKO-19 upimaji uliongezeka, haukupungua. Aina ya B iliendelea kuonekana kwa wingi, na ukoo ulipotambuliwa ulikuwa Victoria. Ukimya wa maabara moja ni ukimya. Ukimya wa maabara nyingi zinazoona ndugu yake kila wiki ni jibu, na ndiyo sababu Septemba 2023 washauri wa chanjo walisema hakuna tena haja ya kuuweka Yamagata ndani ya chanjo. Kwa hiyo wilaya iliyo kimya usiiulize kama ina wagonjwa. Iulize kwanza kama katika wiki hizo hizo ilikuwa ikiona kitu kingine chochote.

#25 Bi_Hisabati
Hilo ni jaribio zuri na halina gharama ya kijiti kipya. MchoraChati, toa wiki ambazo kila wilaya ilipima sampuli chache mno. Ulaya hutumia asilimia 10 ya sampuli zenye virusi kuwa alama ya kuanza kwa msimu, lakini asilimia 10 ya sampuli kumi ni mtu mmoja, na mtu mmoja si msimu. Kisha fananisha na vifo, kama vipo. William Farr aliijua London ya 1847 kwa njia hiyo: alihesabu waliokufa, akatoa wale ambao wangekufa katika majira ya kawaida, waliobaki akawahusisha na homa ya mafua hata kama cheti kiliandika maradhi mengine. Hakuwa na maabara ya kulaumu.

#26 Kizamani
Wala hakuwa na mtu wa kumwambia amechora ramani ya makaburi.

#27 MchoraChati
Nimerudi baada ya siku tisa, wazee wangu. Nimechora upya kwa siku ya kuanza kuumwa, nikitumia wilaya zile tu ambazo safu hiyo ilijazwa kwa sehemu kubwa, na nimeondoa wiki zenye sampuli chache kama nilivyoelekezwa. Pengo la wiki nne limepungua hadi karibu wiki mbili, kwa hiyo rafiki yangu alikuwa na nusu ya haki na nimempigia simu kumwambia. Wiki mbili zilizobaki zimegoma kuondoka. Nimezilinganisha na kalenda za shule: misimu miwili zinakubaliana vizuri, na msimu wa tatu shule zote zilifunguliwa siku moja, pengo likabaki pale pale. Hewa hukauka mapema upande wa mwanzo, kama MtuWaHewa alivyobashiri, ila kwa tofauti ya siku chache tu. Sijui niandike nini.

#28 MtuWaHewa
Siku chache za hewa zinaweza kuzaa wiki mbili za wagonjwa, kwa sababu kila aliyeambukizwa mapema huambukiza wengine mapema. Usinitupe nje bado.

#29 Jirani_wa_Kaskazini
Katika ule msimu wa tatu, je, kuna hata maabara moja ya upande wa pili iliyopima RSV? Nukta sita si mstari, lakini kama zote sita ziko ndani ya wiki hizo mbili ningependa kuziona.

#30 MuuguziWaZamu
Nami naomba orodha ya wilaya ulizoziondoa kwa sababu ya safu tupu. Kama zote ni za upande wa nyuma, basi umelinganisha wanaojaza fomu na wanaojaza fomu, na wale niliofanana nao mimi hawamo tena kwenye chati.

#31 MchoraChati
Ni saba. Sita ni za upande wa nyuma.